Namna ya Kusoma Habari za Sigara Katika Vyombo vya Habari

Mtu mzima anayesoma gazeti leo Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hahitaji kuelezwa kwamba sigara ina madhara. Onyo limo kwenye pakti, na wengi wamelisikia tangu wakiwa shuleni. Hata hivyo mitazamo ya watu kuhusu uvutaji inatofautiana mno. Yupo anayeuona kuwa ni hiari ya mtu isiyomhusu jirani, yupo anayeuona kuwa ni utovu wa adabu wa vijana, yupo anayeuona kuwa ni chanzo cha mapato ya serikali, na yupo anayeuona kuwa ni uraibu unaoletwa na bidhaa inayouzwa na kampuni zinazojulikana kwa majina. Tofauti hizo hazitokani sana na mtu kujua au kutojua madhara. Zinatokana kwa kiasi kikubwa na namna jambo lenyewe linavyowekwa mbele yetu kila siku: limewekwa ukurasa gani, linasemewa na nani, na ni nani ambaye hakuulizwa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuzisoma habari hizo kwa makini, nao unamlenga msomaji wa kawaida pamoja na mwandishi kijana ambaye kesho huenda akatumwa kuandika kuhusu tumbaku.

Mwaka 1972 watafiti wawili wa Marekani, Maxwell McCombs na Donald Shaw, walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya kwa wapiga kura wa Chapel Hill, North Carolina, wakati wa uchaguzi wa 1968. Walionyesha kwamba mambo yaliyopewa uzito na vyombo vya habari ndiyo hasa ambayo wapiga kura nao waliyataja kuwa mazito. Katika suala la sigara kanuni hiyo inafanya kazi hata pale ambapo hakuna kilichoandikwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, lakini vifo hivyo vinatokea kimoja kimoja, wodini na majumbani, miaka mingi baada ya sigara ya kwanza. Basi likipinduka leo, kesho liko ukurasa wa mbele, na ni haki liwepo. Saratani ya mapafu haina siku ya tukio, wala eneo la tukio, wala shuhuda wa kuhojiwa. Kwa hiyo unapoanza kufuatilia habari za sigara, weka kumbukumbu ya zilizoandikwa na pia ya majira ambayo hazikuandikwa kabisa. Katika vyombo vingi utaona kwamba zinajitokeza mwishoni mwa Mei, kwa sababu tarehe 31 ni Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, kisha zinarudi Juni, wakati wa bajeti.

Anza na ukurasa

Hatua ya kwanza ni kutazama habari imewekwa wapi kabla ya kuisoma. Habari ileile ya kupanda kwa ushuru wa sigara inaweza kuwekwa kwenye ukurasa wa afya, wa biashara au wa siasa, na kila ukurasa unaalika watu wake. Kwenye ukurasa wa biashara atahojiwa mchambuzi wa soko la hisa, msemaji wa kampuni na pengine mwenye duka. Daktari wa saratani hatapigiwa simu, na hakuna atakayeshangaa kwamba hakupigiwa. Kwenye redio, ambako ukurasa haupo, sikiliza habari imesomwa karibu na habari gani na sauti ya nani imetangulia.

Habari za bajeti ndizo darasa zuri kuliko yote. Katika nchi za Afrika Mashariki bajeti husomwa Juni, na kwa desturi ya miaka mingi sigara inatajwa pamoja na bia na soda kama vitu ambavyo mwananchi atavinunua kwa bei ya juu. Maneno yenyewe si ya uongo, lakini yanamfanya mvutaji aonekane kama mtu aliyepigwa na serikali, na ushuru uonekane kama adhabu. Kinachokosekana kwa kawaida ni sababu ya kitabibu. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba bei ya sigara ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri na takriban asilimia 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaoguswa zaidi ni vijana, kwa kuwa ndio wenye fedha kidogo mfukoni. Shirika hilo linapendekeza kodi iwe angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja. Msomaji aliyepewa taarifa hizo ataisoma habari ya bajeti kwa macho mengine, hata kama mwishowe atapinga ushuru huo.

Katika majira hayohayo husikika hoja mbili zinazorudi kila mara, ile ya magendo na ile ya wakulima, na kila moja ina maswali yake. Ikidaiwa kwamba kodi itajaza soko sigara za magendo, uliza takwimu za magendo zilitoka kwa nani na nani aliulipia utafiti huo, kisha angalia kama habari imetaja hatua za udhibiti zilizopo. Kenya, kwa mfano, ilianza mwaka 2013 kutumia mfumo wa stempu za ushuru unaoiwezesha Mamlaka ya Mapato kufuatilia pakti kutoka kiwandani hadi dukani. Ikidaiwa kwamba mkulima wa Tabora, Urambo au Namtumbo ataumia, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania huuzwa nje ya nchi, kwa hiyo idadi ya sigara zinazovutwa Kariakoo haina nguvu kubwa juu ya bei anayolipwa mkulima huyo. Mkulima anastahili kuandikwa kwa haki yake mwenyewe: deni la pembejeo, upangaji wa madaraja ya majani, kuni za kukaushia zinazokatwa misituni, na nikotini inayopenya ngozini anapovuna majani mabichi yenye umande. Mwandishi anayemkumbuka mkulima wakati wa bajeti tu hajaandika habari za mkulima. Huko Migori, Kenya, mpango ulioanzishwa mwaka 2022 na serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa umekuwa ukiwasaidia wakulima wa tumbaku kuhamia maharage yenye madini ya chuma kwa wingi; habari ya aina hiyo inampa msomaji mkulima mwenye uamuzi wake, badala ya mkulima anayetajwa kama kisingizio.

Tafuta habari ilikoanzia

Hatua ya pili ni kuuliza kama tukio lililoripotiwa lingetokea iwapo waandishi wasingealikwa. Mfano wake maarufu ni wa New York, Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1929. Edward Bernays, mtaalamu wa uhusiano wa umma aliyekuwa akilipwa na American Tobacco Company, alipanga wanawake vijana wapite Fifth Avenue katika matembezi ya Pasaka wakiwa wanavuta sigara hadharani, jambo lililokuwa aibu kwa mwanamke wa wakati huo, na magazeti yakapewa taarifa mapema kwamba wanawake hao wangewasha mienge ya uhuru. Magazeti yaliandika. Msomaji aliona habari ya wanawake wanaodai usawa; hakuona kwamba kampuni inayouza Lucky Strike ilikuwa inatafuta nusu ya soko ambayo haikuwa imeifikia. Tangazo la kulipiwa lisingeweza kufanya kazi ile, kwa sababu tangazo msomaji analijua kuwa ni tangazo.

Siku hizi maandamano ya namna ile ni adimu, lakini utaratibu wake haujafa. Kampuni inapanda miti, inachimba kisima, inatoa ufadhili wa masomo, inapokea tuzo ya mwajiri bora. Mwandishi anapelekewa taarifa iliyokwisha kuandikwa pamoja na picha ya mkurugenzi akimwagilia mche. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika Februari 2005, unazitaka nchi wanachama, kwa kifungu chake cha 13, zipige marufuku matangazo na udhamini wa tumbaku, na miongozo ya utekelezaji wake inahesabu misaada ya kijamii ya kampuni hizo kuwa ni udhamini. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2004, Tanzania na Uganda mwaka 2007. Kwa hiyo ukiona habari ya kisima, soma hadi mwisho ukitafuta sentensi hata moja ambayo isingeweza kuandikwa na ofisi ya mawasiliano ya kampuni yenyewe. Ikiwa hakuna, ulichosoma ni tangazo ambalo gazeti limelibeba bila malipo.

Pima zile pande mbili

Hapa ndipo penye kosa lililogharimu maisha mengi zaidi, nalo lilifanywa na waandishi waaminifu waliofuata kanuni nzuri ya kazi yao, ile ya kuzipa nafasi pande zote mbili za jambo. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha Uingereza utafiti uliohusisha uvutaji na saratani ya mapafu, na mwaka huohuo Ernst Wynder na Evarts Graham wakachapisha wa kwao Marekani. Desemba 1952 jarida la Reader's Digest, lililokuwa likisomwa na mamilioni na ambalo halikuwa likichapisha matangazo ya sigara, liliufikisha ujumbe huo kwa watu wa kawaida, na mwishoni mwa 1953 magazeti yakaandika kwamba lami ya sigara, yaani masalia mazito ya moshi wake, iliyopakwa kwenye ngozi ya panya ilisababisha uvimbe wa saratani. Desemba hiyo wakuu wa kampuni kubwa za sigara walikutana katika hoteli ya Plaza, New York, wakamwajiri John Hill wa kampuni ya uhusiano wa umma ya Hill and Knowlton. Shauri lililochukuliwa lilikuwa la werevu mkubwa: badala ya kuikana sayansi, waidai zaidi.

Tarehe 4 Januari 1954 tamko la kampuni hizo lilichapishwa kama tangazo katika magazeti zaidi ya 400 ya Marekani. Lilisema kwamba kampuni zinajali afya ya watu kuliko jambo jingine lolote, kwamba wataalamu hawajakubaliana, na kwamba zingeunda kamati ya kugharimia utafiti. Kuanzia hapo kila mwandishi aliyepata utafiti mpya wa madhara alikuwa na namba ya simu ya kupiga ili apate upande wa pili, na upande huo ulikuwa daima na mwanasayansi wa kunukuliwa. Hata Edward R. Murrow, mtangazaji aliyeheshimika kuliko wengine wote wa zama zake, alipotenga vipindi viwili vya televisheni kwa suala hilo mwaka 1955, alizipa pande mbili nafasi na kumwacha mtazamaji akiamini kwamba swali lilikuwa bado wazi. Waraka wa ndani wa kampuni ya Brown and Williamson wa mwaka 1969, uliokuja kujulikana baadaye, ulikiri bila kuficha kwamba bidhaa yao ilikuwa ni shaka.

Namna ya kuzipima pande mbili ni kutenganisha aina mbili za maswali. Lipo swali linalojibiwa kwa utafiti: je, uvutaji unasababisha saratani, je, nikotini inaleta uraibu, je, moshi wa mvutaji unamdhuru asiyevuta? Maswali haya yameshajibiwa, na habari inayoyapa pande mbili inampotosha msomaji hata kama kila nukuu iliyomo ni sahihi. Lipo pia swali la sera: ushuru uwe kiasi gani, mvutaji atengewe eneo gani, mwenye kioski apewe muda gani kabla ya kutozwa faini? Hapa pande mbili, tatu au nne ni halali, na mwandishi anayezinyima nafasi anamkosea msomaji. Ugumu ni kwamba msemaji mahiri hujibu swali la pili kwa kurudisha shaka katika la kwanza. Ukiona hivyo katika habari, weka alama pembeni.

Fuata fedha

Mwaka 1992 Kenneth Warner na wenzake walichapisha uchambuzi wa majarida 99 ya Marekani kwa kipindi cha miaka 25. Jarida lisilopokea matangazo ya sigara lilikuwa na uwezekano wa asilimia 11.9 wa kuchapisha makala kuhusu madhara ya uvutaji katika mwaka wowote ule. Lililopokea matangazo hayo lilikuwa na asilimia 8.3. Kwa majarida ya wanawake pengo lilikuwa kubwa zaidi, asilimia 11.4 dhidi ya 5. Wahariri hawakuhitaji kuandikiwa barua ya vitisho, kwa kuwa kila mmoja alijua ukurasa wa rangi ulilipiwa na nani.

Wakati mwingine fedha huja kwa sura ya mashtaka. Mwaka 1994 Philip Morris iliishtaki televisheni ya ABC ikidai dola bilioni 10 kwa kipindi kilichohusu nikotini katika sigara, na mwaka uliofuata ABC iliomba radhi. Miezi michache baadaye CBS iliyazuia mahojiano yake na Jeffrey Wigand, aliyekuwa mkuu wa utafiti katika Brown and Williamson, kwa hofu ya kushtakiwa. Yalirushwa Februari 1996, baada ya gazeti la Wall Street Journal kuchapisha maelezo yake. Matangazo ya moja kwa moja ya sigara yamepigwa marufuku Kenya kwa sheria ya 2007 na Uganda kwa sheria ya 2015, kwa hiyo msomaji wa huku aangalie kwingine: nani amedhamini kongamano ambalo mwandishi alilisafiria, nani amelipia semina ya wahariri, na kama tuzo anayojivunia mwandishi ina mfadhili. Habari njema hutaja mambo hayo yenyewe, katika sentensi moja tu.

Kampuni inaposhindwa, angalia pia ukubwa wa habari. Tarehe 26 Novemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitupilia mbali rufaa ya British American Tobacco dhidi ya kanuni za udhibiti wa tumbaku za mwaka 2014, kesi iliyokuwa imepita Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Chukua jambo kama hilo, pima nafasi lililopewa katika gazeti unalolisoma, kisha uilinganishe na nafasi inayopewa taarifa ya faida ya mwaka ya kampuni ileile.

Bidhaa mpya, maneno mapya

Bidhaa isipokuwa na moshi, habari zake hupelekwa upesi kwenye kurasa za teknolojia na uwekezaji. Mwaka 2019 vifuko vya nikotini vya Lyft, bidhaa ya British American Tobacco, viliingia sokoni Kenya vikiwa vimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Mwaka uliofuata waziri wa afya, Mutahi Kagwe, akasema usajili huo haukufuata sheria. Katika muda huo kurasa za biashara ziliandika kuhusu kiwanda kilichopangwa kujengwa Nairobi na ajira zake, huku kurasa za afya zikiandika kuhusu wanafunzi wanaoweka vifuko hivyo chini ya mdomo. Anayesoma gazeti moja tu angeweza kupata nusu ya jambo. Katika habari za namna hii, kila unapokuta neno salama, uliza: salama kuliko nini, na kwa nani? Kwa mvutaji wa miaka 20 anayetafuta kuacha, ulinganisho na sigara unaweza kuwa na maana. Kwa msichana wa kidato cha pili ambaye hajawahi kuvuta chochote, ulinganisho huo hauna maana yoyote.

Mtazame mvutaji alivyochorwa

Tanzania ilipopiga marufuku shisha mwaka 2016, na Kenya na Rwanda zilipofuata Desemba 2017, picha zilizotawala zilikuwa za vijana waliokamatwa usiku wakiwa wamefunika nyuso. Habari za misako huleta wasomaji wengi, lakini mhusika wake ni mkosaji peke yake. Aliyeingiza bidhaa haonekani, mwenye ukumbi anatajwa kwa mbali, na uraibu, ambao ndio kiini cha jambo, hautajwi kabisa. Matokeo ni jamii inayomdharau mvutaji na kumwacha muuzaji bila swali, na mvutaji mwenye aibu huchelewa kumwendea daktari. Hili linaniuma kuliko mengine yote niliyoyataja, kwa sababu wavutaji wengi walianza kabla hawajafikisha umri wa kufanya uamuzi wowote mkubwa wa maisha.

Ushahidi kwamba sura nyingine inawezekana upo. Mwaka 1967 mamlaka ya utangazaji ya Marekani, baada ya malalamiko ya mwanasheria John Banzhaf, iliamua kwamba vituo vinavyotangaza sigara vitenge pia muda wa ujumbe wa kuipinga. Hadi 1970 ujumbe huo ulirushwa kwa wingi na matumizi ya sigara kwa kila mtu yakashuka. Kampuni zikaona afadhali matangazo yao yaondolewe hewani, na marufuku ikaanza Januari 1971. Kisha mwaka 1981 utafiti wa Takeshi Hirayama kuhusu wake wa wavutaji nchini Japani ulibadilisha mhusika mkuu wa habari: akawa mtu asiyevuta, anayeugua kwa moshi wa mwingine. Hoja ya hiari ya mtu binafsi haijawahi kupata nguvu ileile tangu hapo.

Ukishasoma, fanya nini

Msomaji aliyeona kasoro amwandikie mhariri barua fupi inayotaja tarehe, ukurasa na sentensi husika, pamoja na kile kilichokosekana. Barua inayolaani chombo kizima huwekwa kando. Inayoonyesha kwamba utafiti ulionukuliwa ulilipiwa na mwenye bidhaa ni vigumu kuipuuza. Pasipopatikana jibu, Tanzania lipo Baraza la Habari, na Kenya ipo tume ya malalamiko chini ya baraza la vyombo vya habari la nchi hiyo.

Mwandishi naye, kabla ya kuwasilisha kazi, aongeze vitu viwili ambavyo habari za sigara hukosa mara nyingi: mahali ambapo mvutaji anaweza kupata msaada wa kuacha katika mji wake, na maslahi ya kila msemaji aliyenukuliwa. Kwa hilo la pili, ipo hazina ambayo waandishi wetu wanaitumia kwa nadra. Kutokana na kesi za Marekani na makubaliano ya Novemba 1998 kati ya majimbo 46 na kampuni za sigara, mamilioni ya nyaraka za ndani za kampuni hizo yaliwekwa wazi, na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kinazihifadhi katika maktaba ya mtandaoni isiyotozwa ada. Andika jina la nchi yako kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha jina la kampuni au la taasisi unayoichunguza, na upange matokeo kwa mwaka. Soma kwanza barua na kumbukumbu za mikutano, kwa kuwa ripoti za kurasa nyingi mara nyingi zilitayarishwa ili zionwe na watu wa nje. Nakili namba ya utambulisho wa kila waraka unaoutumia, mpe mhariri wako, na mpelekee anayetajwa humo maswali kwa maandishi, ukimpa muda wa kutosha kujibu kabla habari haijachapishwa.